Kivuli Kwanza: Shajara ya Kiangazi cha Mtoto Wetu, Manyatta, Kisumu

Januari, juma la kwanza

Mradi wenyewe ni huu: kumpatia binti yetu, ambaye ndiyo kwanza amevuka miaka miwili, mahali pa kuchezea tangu sasa hadi mvua ya masika ianze. Kiangazi cha Kisumu ni Januari hadi katikati ya Machi, na mtoto wa umri huu hana maneno ya kukueleza kwamba joto limemshinda. Hulia, hukataa chakula, huvua nguo, humpiga mwenzake, halafu hulala saa isiyo yake. Sisi wakubwa tunasema amekuwa mtundu. Mimi nasema tumtafutie mahali kwanza, habari ya utundu ije baadaye.

Ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: jua likipanda, mweke mtoto ndani. Ni ushauri mzuri kwa nyumba yenye dari, au ile ya ghorofa ambayo juu yake kuna slabu. Nyumba yetu, kama nyingi za ploti hapa Manyatta (ua mmoja wenye wapangaji wengi, kila mmoja na mlango wake), juu ni mbao na mabati, basi. Silibodi, zile mbao za dari, hakuna. Bati likishashika moto linalishusha joto lote vichwani mwetu, na madirisha mawili madogo hayawezi kulitoa. Nilinunua kipimajoto cha ukutani nipate kujua badala ya kukisia. Jana saa tisa alasiri kilisoma nyuzi 36 pale sebuleni. Nikakitoa nje, nikakitundika kwenye shina la mwarobaini ulio karibu na ua wa mashariki, upande usiopigwa na jua. Baada ya muda mfupi kikawa 31.

Mama yangu amekuja kutoka Nyakach kukaa nasi kidogo. Mtoto humwita Dani, nasi sote tumefuata. Alitazama kile kipimo, akasema, "Mwanangu, unamfungia mtoto kwenye tanuri halafu unamuuliza mbona analia."

Kwa hiyo mpango umegeuka. Saa za joto kali tutamtoa nje, si kumwingiza ndani, ila nje hiyo iwe na kivuli cha kweli na hewa inayopita. Vitu vya kuchezea vitafuata.

Januari, juma la pili

Kabla ya kuchimba shimo lolote nilitaka kujua jua linapita wapi uani kwetu. Nilichora kivuli cha mwarobaini kwa chaki, juu ya ile saruji ya mbele ya milango, kila baada ya muda. Mtoto alinifuata na kipande chake cha chaki akichora vyake, na hapo hapo tukapata mchezo wa asubuhi bila kuutafuta.

Mambo mawili yalijitokeza. La kwanza, hapa kwetu jua haliwi utosini saa sita. Saa za Kenya zimepangwa kwa mstari unaopita mbali, upande wa mashariki, nasi tuko magharibi, kwa hiyo katika miezi hii jua la Kisumu hufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Maana yake, ubaridi wa asubuhi unakaa hadi saa tatu na nusu hivi, ilhali ule ukali wa mchana unaendelea mpaka saa kumi. Anayefuata saa ya ukutani na kudhani kwamba saa nane jua limeanza kupoa, anamtoa mtoto juani kwenye kilele chenyewe cha joto.

La pili, mwarobaini wetu ni mti wa asubuhi. Kivuli chake kinalala uani kwetu hadi adhuhuri, kisha kinavuka ua na kuhamia kwa jirani. Alasiri, tunapokihitaji zaidi, sisi hatuna kitu.

Nimezungumza na mwenye ploti. Amekubali tusimamishe nguzo, mradi tusiguse ukuta wala bomba la maji. Mama Pacha wa mlango wa tatu aliposikia alisema watoto wake wawili wataingia kwenye hesabu. Nami sikuwahi kufikiri vinginevyo. Kivuli cha mtoto mmoja katika ploti ya milango minane hakiwezekani, na hata kingewezekana kisingefaa.

Januari, juma la tatu

Siku ya mjengo. Udongo mweusi wa hapa kiangazi hukauka ukapasuka, na jembe linaruka juu yake. Fundi wetu anaujua: jioni iliyotangulia alitaka tuweke alama za mashimo na kumwaga maji kila moja, tuyaache yanywe usiku kucha. Asubuhi mtaimbo ulizama vizuri. Nguzo tatu za mkalitusi, zimeingia chini karibu futi mbili, zikashindiliwa kwa kokoto na udongo. Nguzo ya nne ni mwarobaini wenyewe. Hatukuupiga misumari. Tumezungushia kipande cha mpira wa gurudumu shinani ndipo tukafunga waya juu yake, gome lisikatwe.

Hadiwea walikuwa na turubai na neti, na turubai ni la bei rahisi zaidi. Nilichagua neti, ile ya kijani wanayotumia wenye vitalu vya miche, inayozuia jua kwa asilimia 70. Turubai linazuia jua lote, ni kweli, lakini haliachii hewa. Joto linajikusanya chini yake, na mkipita hapo saa nane mtalisikia kichwani. Neti ina matundu: hewa moto inapanda na kutoka, upepo unapenya. Tumeivuta kwa urefu wa mita mbili na kidogo, ili mtu mzima asimame wima na joto lipate nafasi ya kwenda juu.

Kuna jambo la kiangazi ambalo fundi hakuwa amelitilia maanani, nasi tuliliona kwenye zile alama za chaki. Mwezi huu jua la adhuhuri linakaa upande wa kusini, kwa hiyo kivuli cha neti hakianguki chini yake barabara. Kinasogea kaskazini karibu mita moja. Mkeka tumeutandika kufuata kivuli, si kufuata nguzo. Kadiri Machi inavyokaribia kitarudi taratibu, na karibu na tarehe 20 Machi, jua linapovuka ikweta, kitaanguka wima kabisa. Sisi tuko kando ya ikweta hapa. Tutausogeza mkeka.

Saa nane, binti yetu na wale pacha walikuwa wamelala kifudifudi juu ya mkeka wakipuliza vipande vya majani. Kipimajoto: 31 chini ya neti, 35 ndani. Mama Pacha akaleta kigoda chake na sufuria ya kunde za kuchambua, akakaa hapo hadi jioni.

Januari mwishoni

Sasa michezo. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wenzangu wananiuliza zaidi, na kwa sababu maji yana furaha na hatari kwa pamoja.

Tunatumia beseni pana la plastiki. Si la bati, maana bati likiachwa juani huunguza. Maji ni ya kina cha vidole viwili vya mtu mzima, hayazidi hapo. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita tano tu, na hazami kwa kelele. Anainama, anaangukia uso, kimya. Kwa hiyo sheria ya ploti ni kwamba beseni likiwa na maji, kuna mtu mzima aliyekaa karibu kiasi cha kunyoosha mkono na kumshika. Si aliye mlangoni, wala aliye kwenye simu. Mtu huyo akitaka kwenda msalani, maji yanamwagwa kwanza. Na zile ndoo zetu za akiba, kwa vile maji ya mfereji yanakatika ovyo, zote zimepata vifuniko vinavyobana.

Ndani ya beseni tunaweka kata, kikombe, chujio la chai, na chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu kitakoni kwa msumari wa moto. Anachokipenda kupita vyote ni hiyo chupa. Anaizamisha, anasubiri ijae, anaiinua kwa mikono miwili, kisha anaangalia zile nyuzi za maji zikishuka mpaka tone la mwisho. Mdomo wazi. Halafu anaizamisha tena. Juzi alifanya hivyo muda wote Dani alipokuwa akichambua kunde, na hakuinua kichwa hata pacha mmoja alipomwita. Nimemtazama kwa karibu, naona si kwamba anapitisha wakati tu. Anajaribu kitu. Safari moja aliziba tundu moja kwa kidole akaona mengine yanaendelea kumwaga, akageuka kunitazama kama niliona. Niliona.

Mchezo mwingine wa maji hauhitaji beseni kabisa. Brashi kuukuu ya rangi, kopo lenye maji kidogo, na ukuta ulio kivulini. Anapaka. Akifika mwisho, mwanzo umeshakauka, basi anarudi kuanza upya. Pacha wanachora watu, yeye anachora mikwaruzo, na wote wanaridhika.

Duka la karibu lina friji. Mwenye duka anatugandishia bakuli la maji lenye majani ya mwarobaini na vifuniko vikubwa vya makopo ndani yake. Watoto wanaipapasa hiyo barafu, wanaisukuma sakafuni, wanaimwagia maji mpaka vile vifuniko viachie. Maembe bado yapo sokoni Kibuye kwa bei nzuri. Tunasaga embe na maji yaliyochemshwa, tunagandisha kwenye vikombe vidogo vyenye kijiti. Tikiti maji tunalikata vipande vyembamba na kutoa mbegu zote. Njugu na maharagwe hayaingii kwenye michezo ya watoto hawa, hata ya kuhesabu, kwa sababu yataishia puani au kooni.

Mpira wa maji ukiachwa juani, maji ya kwanza kutoka humo yanaweza kumbabua mtoto. Tunayamwaga pembeni kwanza, kisha tunapima kwa mgongo wa mkono. Vivyo hivyo baiskeli yake ya magurudumu matatu: kiti kinaguswa kabla hajakalia.

Jioni beseni linamwagwa kwenye sukuma wiki za Mama Pacha na kufunikwa chini juu. Hakuna maji yanayolala. Yai la mbu linahitaji kama wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka, nasi tuko kando ya Ziwa Victoria, ambako malaria haiondoki. Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 ilianzia Homa Bay, katika mpango uliohusu kaunti za ukanda huu wa ziwa na jirani zake. Binti yetu amechanjwa, na bado analala ndani ya chandarua, mchana na usiku.

Februari, juma la kwanza

Tatizo la alasiri: kuanzia saa kumi jua linashuka upande wa magharibi na kupenya chini ya neti. Watoto wanajibana kwenye kona moja wakigombania kivuli.

Upande huo huo ndio unaotoka upepo wa ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa ya juu ya nchi kavu inapanda, na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi yake. Kila mkazi wa Kisumu anaujua upepo huo wa alasiri hata kama hajawahi kuuliza unatokana na nini. Kwa hiyo ukiziba magharibi unazuia jua lakini unaufukuza upepo, na upepo ndio tuliokuwa tukiutaka.

Dani ndiye aliyelitatua. Alitaka mkeka wa mafunjo, ule mzito wa mabua mazima, akachagua uliosukwa kwa nafasi. Tumeutundika magharibi kwa kamba za manila, ukiwa umeachwa wazi futi moja na nusu chini. Saa tisa na nusu tunaunyunyizia maji kwa kata. Upepo ukipita kati ya mabua yaliyolowa unafika kwa watoto ukiwa umepoa, kama maji ya mtungi yanavyopoa kwa kule kutoka jasho. Siku zenye mvuke mwingi hewani nafuu ni ndogo, siku kavu ni kubwa. Kunyunyizia mkeka kumekuwa kazi ya binti yetu na pacha. Wananyunyizia mkeka, na wanajinyunyizia wenyewe.

Februari, juma la pili

Tulikwenda Makavazi ya Kisumu mapema, tukaingia kabla jua halijakaza. Miti mikubwa, boma la Kijaluo lenye nyumba zake za nyasi, na nyoka nyuma ya vioo. Nyumba ya nyasi ilinigusa zaidi. Nilimwingiza mtoto ndani, akanyamaza, akaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo. Nyasi nene juu, udongo chini: joto linachelewa kuingia. Waliojenga hivyo walikuwa na watoto wadogo na kiangazi hiki hiki.

Ufukoni Dunga, kando ya ziwa, tulipita jioni kupunga upepo na kutazama ndege korongo. Majini hatukumwingiza. Ukingoni mwa ziwa kuna konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Alilia kidogo. Tulimpa kopo la kutupa mawe, akatulia.

Februari, juma la tatu

Usiku mmoja mwili wake ulikuwa moto. Majirani wawili walisema ni jua la mchana, nimsugue kwa kitambaa chenye maji na kesho atakuwa sawa. Katika ukanda huu sikubali jibu hilo bila kipimo. Mtoto mwenye homa hapa anatolewa damu kidoleni kupimwa malaria siku hiyo hiyo au asubuhi inayofuata, hata kama jana alishinda juani. Asubuhi tulikuwa zahanati. Hakuwa na malaria. Muuguzi aliangalia kinywa, akaminya ngozi ya tumbo kuona inarudi upesi kiasi gani, akauliza amekojoa mara ngapi tangu jana. Alitupa pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, tuchanganye kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, tumpe kwa kijiko kidogo kidogo. Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka.

Tangu hapo tumeweka mpango wa kunywa. Mtoto anayecheza hakumbuki kiu, na mwili mdogo unapata joto haraka kuliko wetu. Kila mchezo ukibadilika, kikombe kinapita: maji, uji mwepesi, au maji ya ndimu yenye chumvi kidogo sana. Mama Pacha anakagua nepi na mikojo ya wote watatu bila kuombwa. Vipele vya joto shingoni tumevipunguza kwa kumwogesha mchana na kumvalisha pamba nyepesi isiyobana. Poda tumeacha.

Mama mmoja wa ploti aliniuliza kwa nini nisimpe simu aangalie katuni, joto lipite. Nilimjibu kwamba katuni zitamkalisha mahali pamoja, lakini ndani, kwenye nyuzi 36, bila kunywa, na hatasema amechoka. Alifikiri kidogo. Kesho yake alikuja na mtoto wake chini ya neti.

Februari mwishoni

Mchanga umefika, mikokoteni miwili. Tumeumwaga ndani ya mzingo wa matofali kwenye kona ya kivuli. Kila asubuhi tunaumwagia maji kidogo, kwa sababu udongo mkavu wenye vumbi ndio makao ya funza, na pia mchanga uliolowa ni baridi miguuni na unasimama ukiujenga. Usiku unafunikwa kwa turubai, paka wasiugeuze choo. Hapo ndipo turubai limepata kazi yake.

Pacha wamejenga barabara kutoka Kondele hadi Ahero. Binti yetu ndiye mvua.

Machi, juma la pili

Mawingu yanaanza kujikusanya upande wa milima ya Nandi, na jana radi ilipiga. Upepo wa kabla ya mvua uliivuta neti hadi nguzo moja ikalegea. Fundi ameishindilia upya na kubadilisha mafundo ya upande mmoja, sasa neti inafunguliwa kwa kuvuta kamba na kukunjwa haraka. Mvua ya mawe ikija, tusiwe tunapanda ngazi. Mkeka wa chini umesharudi katikati ya nguzo, kama tulivyotarajia. Chini ya nguzo mbili tumepanda mapasheni. Mvua itayakuza, na mwakani huenda majani yakafanya sehemu ya kazi ya neti.

Kubwa zaidi: nilimpelekea mwenye ploti daftari la vipimo vya kipimajoto, ndani na nje, saa kwa saa. Alikaa nalo. Akakubali silibodi iwekwe kwenye chumba cha watoto cha kila mlango, sisi tununue vifaa na yeye akate kwenye kodi kidogo kidogo. Nimeomba fundi aache matundu ya kupitishia hewa kwenye kuta za pembeni, kati ya dari na bati, la sivyo joto litabaki pale juu likitungoja usiku. Jumamosi anakuja kupima, anaanzia kwa Mama Pacha.